Makocha wawili, mkono mmoja: nimsikilize nani?

Baba Zuhura (Houston)
Wakuu, habari za jioni. Naomba ushauri, hasa kwa mlio huku Marekani na mna mabinti wanaocheza softball, ule mchezo wa jamii ya besiboli. Wangu ana miaka 12, ni mrushaji. Kwa walio nyumbani: mrushaji husimama katikati, huzungusha mkono duara zima, kisha huuachia mpira chini, usawa wa nyonga, kumwelekea mdakaji. Kwa umri wake ni futi 40, yaani mita 12 na kidogo.

Shida ni kwamba ana makocha wawili. Mwalimu wa kurusha, tunayemlipa kila Jumatano, anamwambia mkono ukianza kushuka kiganja kitazame juu, kigasha kipite kikigusa ubavu, halafu mkono ujigeuze wenyewe mpira unapotoka. Kocha wa timu, ambaye ndiye anayempanga, anataka ausukume mpira chini, akunje kifundo cha mkono kwa nguvu na amalizie kiwiko kikimtazama mdakaji. Tena anamwambia "funga mlango", maana yake nyonga zigeuke zote. Mwalimu anasema zibaki nusu wazi.

Jumamosi binti kawapa wapigaji saba kituo cha bure (mipira minne nje ya shabaha, mpigaji anajiendea kituo cha kwanza) ndani ya inningi mbili, yaani vipindi viwili tu. Njia nzima kwenye gari hakufungua mdomo.

Nimewaza nimwachishe mwalimu (hela itapona), au nihame timu, au binti afanye la mwalimu Jumatano na la kocha Jumamosi, au niwakutanishe hao wawili wamalizane. Ipi ina nafuu? Nawasilisha.

Bi Mkubwa wa Minneapolis
Pole, Baba Zuhura. Hiyo ya Jumatano na Jumamosi ifute leo. Sisi tuliijaribu msimu mzima na mtoto akaishia kuuchukia mchezo. Mkono haujui leo ni siku gani.

Fundi Msukuma
Mimi niko Mwanza, softball naionea kwenye TV. Si ndiyo rede yenye ada? 😂 Dada zangu walikuwa wanatwanga watu na mpira wa soksi na hakuna aliyewafundisha kiwiko. Kwa nini mtoto asirushe anavyojua?

Dada Kipepeo
Fundi, umetania lakini umegusa penyewe. Nimekuwa mrushaji miaka minane, mpaka chuo, na nilianza na mafundisho ya kiwiko juu. Kila mazoezi tulipasha misuli kwa kukunja kifundo cha mkono tu, mara hamsini. Nilipofika miaka 16 mtu akanirekodi kwa mwendo wa polepole. Sikuwa nafanya hata kimoja nilichofundishwa! Kigasha kiligusa ubavu, mkono ukajigeuza kwa ndani, mpira ukatoka. Kiwiko kilipanda baadaye, mpira ukiwa umeshaenda zake.

Baba Zuhura, fanya hivi. Simu nyingi sasa zinachukua picha 240 kwa sekunde. Simama upande wa mkono wake wa kurushia, nyuma ya wavu, mrekodi mara kumi bila kumwambia lolote. Halafu tafuta video za warushaji mashuhuri, Jennie Finch na Cat Osterman wa Marekani na Yukiko Ueno wa Japani, uzisimamishe pale mpira unapotoka mkononi. Tazama kiganja, usisikilize maneno ya mtangazaji.

Kocha wako hasemi uongo. Anaeleza anachokiona mwisho wa tendo, na jicho la kawaida halinasi kinachotokea katikati. Tatizo ni mtoto anayetii kwa dhati: anajilazimisha kusukuma chini na kukaza mkono, kasi inapotea na mpira unakwenda kokote. Kwa mkono, mimi niko na mwalimu wa Jumatano. Kwa nyonga sina msimamo mkali, ila kuzifunga mapema humzibia mkono njia.

Mnyoosha Viungo
Mimi ni fiziotherapisti. Kabla ya ubishi wa mitindo: anaumwa popote? Muulize hasa mbele ya bega na juu ya msuli wa mkono. Mtindo wowote unaomwachia maumivu pale kesho yake usimame kwanza, awe ameufundisha nani.

Mzee wa Takwimu
Acheni woga. Ueno huyohuyo, Beijing 2008, alirusha mipira 413 ndani ya siku mbili, Japani ikachukua dhahabu mbele ya Marekani. Kurusha kutokea chini hakuumizi bega.

Mnyoosha Viungo
Mzee wangu, shikamoo, lakini huyo alikuwa mtu mzima kwenye Olimpiki. Huyu ni mtoto ambaye mifupa bado inakua. Kwenye besiboli ya Little League, ligi ya watoto ya huku, mtoto wa miaka 11 au 12 mwisho wake mipira 85 kwa siku. Upande wa softball mabinti wengi hakuna anayewahesabia, kwa sababu ya imani hiyohiyo kwamba "kutokea chini hakuumizi", na wikiendi ya mashindano mmoja anarusha mechi tatu. Kabla ya kuchagua kocha, nunua daftari uhesabu.

Mama Riziki
Mimi ningehama. Kocha anayempanga mtoto ndiye mwenye rungu. Ukimpinga, binti ataota mizizi benchi.

Dada Kipepeo
Katikati ya msimu, Mama Riziki? Akifika timu mpya atakuta kocha wa tatu na maneno yake.

Bi Mkubwa wa Minneapolis
Kuwakutanisha kunafaa, ila usiende na "mwalimu wetu anasema umekosea." Makocha wengi wa timu ni wazazi kama sisi, wanajitolea, na wana moyo mwepesi. Mimi nilimwandikia wetu: "Kocha, tungependa mkono wake ashughulikiwe na mtu mmoja hadi msimu uishe. Wewe tuambie unataka nini kwenye mechi: mpira upi kwa mpigaji yupi, na lini apumzike." Alishukuru. Alikuwa na mabinti 12 wa kuangalia, mkono wa wangu ulikuwa mzigo kwake. Lakini sikudanganyi, kocha wa kabla yake nilimwandikia maneno hayohayo, akanuna mpaka mwisho.

Baba Zuhura (Houston)
Wakuu, nimerudi. Maumivu hana, nimemuuliza mara mbili. Nimerekodi kama Dada Kipepeo alivyosema, siku mbili.

Siku ya kwanza, mipira mitano ya mwanzo kigasha kinagusa ubavu vizuri kabisa, yaani kama alivyozaliwa nayo. Kuanzia wa sita mkono unakaa mbali na mwili, kiwiko kinatangulia, mipira inapaa. Nikashangaa kimebadilika nini. Nikaongeza sauti. Kuna mtu anapiga kelele "Kiwiko! Zuhura, kiwiko! Funga mlango!" Ni mimi. Hata sikukumbuka kuwa nilifungua mdomo. Nimecheza mpira wa miguu Tanga tu, softball nimeijua ukubwani, na bado nimejipa ukocha.

Siku ya pili mama yake ndiye aliyeshika simu, mimi nikatumwa dukani. Kumi kati ya kumi kigasha kimegusa.

Kocha nimemwandikia maneno ya Bi Mkubwa. Kajibu kwa mstari mmoja: arushe atakavyo, mradi ni straiki, yaani mpira upite kwenye shabaha. Sijui kama kanuna. Mwalimu wa Jumatano tunaendelea naye.

Mama Riziki
Huyo kanuna.

Fundi Msukuma
Na wewe kocha wa tatu umepangwa wapi Jumamosi? 😂

Baba Zuhura (Houston)
Binti kanipangia mwenyewe. Kiti changu nje ya uzio, kona ya mbali upande wa kushoto. Nitabeba mihogo.

Fundi Msukuma
Mihogo Houston mnaitoa wapi?

Baba Zuhura (Houston)
Duka la Wanaijeria, kaka. Ya barafu.