Michael Owen, yule mshambuliaji wa Liverpool na England, aliisha lini hasa, lile paja la mechi na Leeds 1999 au lile goti la 2006?

Mwana_Keko:
Wakuu habari za jioni. Mi nimezaliwa 1996, kwahiyo Owen niliyemkuta mimi ni yule wa Man U, jezi namba 7, anaingia dakika za mwisho anatembea tembea pale mbele. Juzi braza akanionyesha klipu ya goli lake na Argentina, Kombe la Dunia 1998 pale Saint-Étienne, aisee nimeirudia mpaka bando limekata. Beckham anampa pasi katikati ya uwanja, dogo anaugusa na nje ya mguu huku mbio hazipungui hata kidogo, beki Chamot anamsukuma anashindwa, beki mwingine Ayala anarudi nyuma, anarudi nyuma, anaachwa, halafu shuti la juu kipa Roa anabaki anaangalia tu. Miaka 18 huyo!!

Sasa swali langu, mtu kama huyu, Ballon d'Or 2001, ile tuzo ya mchezaji bora, na mpaka leo hakuna mwanaume mwingine wa Kiingereza aliyeibeba baada yake, ilikuwaje kufika miaka 30 akawa mtu wa benchi? Braza anasema ni goti aliloumia Ujerumani 2006, mzee wa kijiweni kwetu anasema hapana, aliisha akiwa na miaka 19 ila watu hawakuona.

Nauliza kwa sababu nina mdogo wangu wa miaka 17, ni winga, ana mbio hatari. Wiki mbili zilizopita nyama za paja za nyuma zilimkamata kwenye mechi na kocha wake anataka acheze Jumamosi hii maana kuna watu wanakuja kuangalia vipaji. Dogo mwenyewe anasema yuko fiti. Sijalala vizuri.

Kop_Mbagala:
Mzee wa kijiweni yuko sahihi mia kwa mia. Mi Liverpool toka naanza kujua mpira na hili jambo linaniuma mpaka kesho.

Ilikuwa 12 Aprili 1999, Jumatatu usiku, Elland Road, tunacheza na Leeds. Owen anatupiwa mpira nyuma ya mabeki, anafungua mbio kama kawaida yake, mara anashika paja la nyuma. Hakuguswa na mtu! Ndo msimu wake ukaishia hapo. Na hebu angalia hii, mwisho wa msimu bado alikuwa mfungaji bora ligi kuu, mabao 18 sawa na Yorke na Hasselbaink, wenzake wamecheza mpaka Mei yeye yuko nje toka Aprili. Na msimu wa kabla yake alikuwa juu vilevile na mabao 18, kabla hajafikisha hata miaka 19.

Lakini angalia alichezeshwaje. Mei 1997 anaanza timu kubwa ana miaka 17, anafunga mechi ya kwanza na Wimbledon, msimu unaofuata anacheza wote, kiangazi Kombe la Dunia, anarudi anaunga msimu mwingine, ule mwili bado unakua! Siku hizi mtoto wa hivyo wangemhesabia dakika, enzi zile kama anafunga anapangwa, basi.

Mwenyewe ameshaeleza kwenye mahojiano kwamba ule msuli ulikatika na haukufanyiwa upasuaji wa kuurudisha, uliachwa upone wenyewe, kwahiyo toka siku ile mguu mmoja ulikuwa na misuli mitatu pale nyuma na mwingine miwili. Fikiria mtu ambaye kazi yake yote ni mbio anabaki hivyo akiwa na miaka 19. Kuanzia hapo nyama za paja zikawa kila msimu, anarudi anafunga mechi tatu nne, anatoka tena.

Geordie wa Arusha:
Kop nakuheshimu ila hapa umezidisha. Mtu aliyeisha 1999 anachukuaje Ballon d'Or 2001? Mwaka huohuo fainali ya Kombe la FA kule Cardiff Arsenal wanaiongoza Liverpool, yeye anafunga dakika ya 83 na ya 88, na lile la pili amekimbizana na mabeki Dixon na Adams akawaacha akamfunga kipa Seaman kwa mguu wa kushoto. Septemba anaenda Munich anawapiga Wajerumani hat-trick, 5-1. Huyo ameisha huyo?

Mi ninavyoona kilichommaliza ni 2005 mpaka 2006. Alirudi toka Real Madrid akaja kwetu Newcastle, akafunga mabao 7 ya ligi, alikuwa moto kabisa, halafu mkesha wa mwaka mpya kule kwa Tottenham anagongana na kipa Robinson anavunjika mfupa wa unyayo. Anapambana awahi Kombe la Dunia, anaenda yuko fiti nusu nusu, tunafika Cologne kule Ujerumani, England na Sweden, dakika ya kwanza tu, DAKIKA YA KWANZA, anapiga pasi mguu unabaki chini goti linazunguka. Alitambaa kwa mikono na magoti mpaka nje ya mstari. Ile picha siisahau. Msimu uliofuata wote kwetu alicheza mechi 3 za ligi. Hapo ndo tulimpoteza, sio Leeds.

Dada_Viungo:
Naomba niingie hapa, kazi yangu ni kuwafanyisha mazoezi majeruhi baada ya hospitali, wachezaji nawaona kila wiki.

Wote mnasema kweli ila mnaongelea vitu viwili tofauti. Goti lilimtoa uwanjani, paja lilimbadilisha uchezaji. Kaka wa Newcastle, nenda kaangalie mabao yake ya 1998 halafu ya 2004 kwenda mbele. Yale ya kwanza anauchukua mpira mbali, anaomba nafasi nyuma ya beki. Yale ya baadaye yuko ndani ya boksi, anajua mpira utadondokea wapi, mguso mmoja. Alikuwa na akili kubwa ya goli ndo maana aliendelea kufunga, ila mbio ndefu zilikuwa zinapungua mwaka hadi mwaka. Na amewahi kukiri mwenyewe kwamba miaka yake ya mwisho alikuwa anaogopa kufungua mbio, akiona nafasi nyuma ya beki moyo unamwambia usiende, anasogea kuomba mpira mguuni. Hiyo hofu mi naijua, naiona kwa vijana wangu, maumivu yameisha mwezi mzima lakini ukimwambia kimbia kwa nguvu zote anakaza uso.

Hesabu yenyewe inaonyesha. Mabao 150 ligi kuu, 118 kati ya hayo ni ya Liverpool, na Liverpool aliondoka na miaka 24. Yaliyobaki 32 kayafunga timu tatu. England mabao 40 na mechi yake ya mwisho alikuwa na miaka 28 tu, umri ambao mshambuliaji anatakiwa ndo awe amekomaa.

Sasa kuhusu mdogo wako Mwana_Keko. Wiki mbili kutosikia maumivu akitembea sio kupona. Msuli wa paja la nyuma unaumia pale mguu unapotupwa mbele kwenye mbio kali, kwahiyo lazima apimwe kwenye mbio kali, sio kwenye kukimbia taratibu kuzunguka uwanja. Mpeleke apimwe nguvu ya miguu yote miwili, ule ulioumia ukiwa dhaifu kuliko mwenzake bado. Akishapona na kuruhusiwa aanze zoezi hili, apige magoti kwenye mkeka, mtu amshike vifundo vya miguu kwa nguvu, halafu ashuke na kifua mbele taratibu sana bila kukunja kiuno mpaka ashindwe ndo adake na mikono. Linachosha na linauma siku za mwanzo ila linapunguza kuumia sana. Kocha asiwe na haraka na mguu usio wake.

Shetani_Mwekundu:
Mi niwakumbushe tu kwamba hata huyo wa benchi alitupa goli sisi Man U Septemba 2009, dabi na Man City, dakika ya 96, Giggs anamuona, anatuliza mguso mmoja anamaliza, 4-3. Banda zima tulitoka nje tunakimbia. Halafu Februari 2010 fainali ya Kombe la Ligi (Carling) na Aston Villa anasawazisha, na kabla ya mapumziko anatoka kashika paja. Palepale pa siku zote. Nilimuonea huruma sana, maana aliposhika tu ungejua anajua.

Mwana_Keko:
Ahsanteni sana wote, dada Viungo Mungu akubariki. Nimeenda kwa kocha leo mchana, nimemwambia Jumamosi dogo hachezi. Amekasirika, amesema nafasi kama hizi hazirudi, nikamwambia sawa. Nyumbani dogo hajaniongelesha toka saa kumi. Ila nimemuwekea zile klipu mbili, ya Argentina na ile ya Cologne anatambaa, kaziangalia zote kimya, halafu kaniuliza hospitali tunaenda Jumatatu saa ngapi.