Naomba ushauri: Roth IRA (akaunti ya akiba ya uzeeni) kwa wanandoa, kila mtu na ritani yake ya kodi

Wakuu mlioko Marekani, mume na mke wanaishi nyumba moja, ila ritani ya 2025 kila mtu kajaza yake ili marejesho ya mkopo wa chuo, yanayopangwa kwa kipato, yasipande. Mume, miaka 41, kipato dola 85,000, kaweka 7,000 Roth IRA. Kumbe wakijaza hivyo, kipato kikifika dola 10,000 tu huruhusiwi kuweka hata senti! Wangejaza pamoja, kiwango cha kuweka kinaanza kupungua kipato kikifika 236,000.

Hela ikibaki humo, adhabu ni 6% kila mwaka. Walijaza kwa wakati. Je, azihamishie Traditional IRA (akaunti kama hiyo, ila kodi hulipwa ukitoa hela) pamoja na faida yake kabla ya 15 Oktoba 2026 (kazini ana 401(k), yaani akiba ya uzeeni ya mwajiri, hivyo hapati punguzo la kodi, na fomu 8606 ya kuripoti hela isiyo na punguzo hilo ni lazima), au warekebishe kwa 1040-X (fomu ya kusahihisha ritani) wawe pamoja? Wakishaungana hawaruhusiwi kutengana tena kwa mwaka huo.