Mjadala: Je, serikali iwasaidie wanafunzi na walimu wa shule za binafsi?

Mzazi wa Barani
Asalaam aleikum wana-Malindi. Naleta hoja. Katiba yetu, kifungu cha 53, yasema kila mtoto ana haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Haikubagua. Lakini mgao wa serikali, ile shilingi 1,420 kwa mwaka ya msingi, 15,042 ya sekondari msingi (Gredi ya 7 hadi 9) na 22,244 ya sekondari, humfuata mtoto wa shule ya umma tu. Wanangu wawili wako praiveti na mimi naendesha tuktuk, si tajiri. Niliwatoa shule ya jirani kwa sababu watoto walikuwa wamebanana watano kwenye dawati la watatu, mwalimu hana hata pa kupita kusahihisha madaftari. Nimeipunguzia serikali mzigo, nayo haininyanyulii hata kalamu. Ufilipino wana sheria ya kumlipia mwanafunzi wa shule ya binafsi na kumwongezea mwalimu wake mshahara, nadhani tangu enzi za Marcos. Sisi kwa nini tushindwe? Naomba maoni, bila matusi.

Bin Mambrui
Waaleikum salaam. Marcos alikimbia 1986. Sheria hiyo ni ya 1989, ikapanuliwa 1998. Na sababu yake muijue: mwaka 1988 walitangaza sekondari ya bure, shule za serikali zikafurika, wakaona ni nafuu kulipia nafasi zilizobaki wazi kwenye shule za binafsi kuliko kujenga mpya. Mwalimu naye hupata nyongeza akiwa na leseni na akiwafundisha hao wanaolipiwa. Pale serikali inanunua nafasi, haitoi sadaka. Kwa hivyo swali langu ni moja: hapa Malindi shule gani za binafsi zina nafasi wazi, na ngapi?

Mama wa Shela
Mimi napinga. Aliyepanda teksi kwa hiari yake hamdai mwenye matatu amrudishie nauli. Pesa ikipatikana iende kwanza mashambani, kwenye madarasa yasiyo na sakafu. Halafu hao walimu wa praiveti mnaowaonea huruma, wengi wao ni wale waliokosa TSC, tume ya serikali inayoajiri walimu. Waliofuzu wako serikalini.

Mwalimu Chaki
Bi mkubwa, hiyo sentensi ya mwisho uliijua itamkuta nani? Mimi nina digrii ya ualimu na namba ya TSC. Sheria ya TSC ya 2012 haimruhusu mtu kufundisha bila kusajiliwa, iwe shule ya umma au ya binafsi. Nilichokosa ni nafasi. Kila wakitangaza ajira napeleka faili, nakuta foleni ya waliomaliza chuo miaka mingi kabla yangu. Kwa sasa nafundisha asubuhi hadi jioni, narudi nyumbani na mfuko wa madaftari ya Gredi ya 7, stima ikipotea nasahihisha kwa tochi ya simu. Mshahara waja kwa M-Pesa vipande viwili: cha kwanza wazazi wa mapema wakishalipa, cha pili mwezi ukiwa umekwisha zamani. Niambie nilifeli nini.

Kijana wa Muyeye
Mwambie mwalimu! Tena hao wa TSC wenyewe, walioingizwa sekondari msingi 2023 si walikuwa vibarua wa shilingi 20,000 kabla ya makato? Mwaka uliofuata si ndio waligoma? Kuajiriwa na TSC si kipimo cha akili ya mtu.

Mama wa Shela
Sikumtaja mtu. Nilisema "wengi". Na nina sababu. Mwanangu alikaa praiveti mwaka mmoja, mwalimu wa hesabu akibadilika kila muhula. Wa mwisho alikuwa kijana aliyemaliza Form Four juzi, anaandika majibu ubaoni kutoka nyuma ya kitabu, mtoto akiuliza yamepatikanaje anaambiwa "nakili". Nililipia hayo kwa pesa za vitenge. Msinifunze uchungu.

Mwalimu Chaki
Na huyo wa Form Four nani alimpa chaki? Mwenye shule, kwa sababu ni rahisi kumlipa. Na waliomtangulia waliondoka kwa sababu gani? Hasira zako ni za haki, bi, ila umezitua kwetu.

Mwenye Shule Ndogo
Naona zamu yangu imefika. Nina shule upande wa Maweni. Wazazi wangu ni wahudumu wa hoteli, wavuvi, mama mboga. Wataliano wasipokuja, karo haiji, na kila mtu Malindi analijua hilo. Machi 2020 serikali ilifunga shule na karo ikakatika papo hapo. Mwalimu wa TSC alikaa nyumbani na mshahara wake ukaingia kila mwezi. Wangu walikaa bila senti hadi watoto wote waliporudi Januari 2021. Mmoja, mwalimu wa sayansi ambaye watoto walikuwa wakimngoja getini, alianza kuuza samaki na hakurudi darasani tena. Wanafunzi wake walikuwa Wakenya, watoto wa walipa kodi. Mkiniuliza kwa nini nataka msaada, ni kwa sababu hiyo.

Kijana wa Muyeye
Pole. Lakini ulipofungua, ile miezi uliwalipa hata nusu? Na karo si ilipanda? Ruzuku ya mwalimu ikipitia kwenye akaunti yako, nani ataiona?

Mwenye Shule Ndogo
Kijana, ulishawahi kulipa mshahara wa mtu hata mmoja? Nimeweka hati ya shamba la marehemu baba benki ili watoto wa watu wapate paa. Usiniite mwizi hadharani.

Kijana wa Muyeye
Neno hilo umelileta wewe.

Bin Mambrui
Jamani, turudi. Tayari tumeshajaribu kitu kama hiki. Kuanzia 2016 serikali ilipeleka wanafunzi wake vyuo vikuu vya binafsi na kuahidi kuwalipia. Vyuo vikabaki vinadai mabilioni, na 2023 mfumo mpya ukaja ukakatisha mpango wenyewe. Mwanafunzi wa huko akabakiziwa mkopo wa HELB, bodi ya mikopo ya wanafunzi. Hata mgao wa shule za umma hufika muhula ukiwa katikati. Sasa Mzazi, serikali isiyolipa kwa wakati shule zake yenyewe, italipa ya mwanao? Mwenye shule atamfukuza mtoto akingoja hundi ya Nairobi. Hili ndilo linalonitia hofu, wala si mambo ya nani kafeli.

Mama wa Shela
Bin Mambrui, wewe waongea vizuri, ila huyu Chaki aniombe radhi kwa hilo "bi mkubwa". Nina umri wa dada yake.

Mwalimu Chaki
Nilikuheshimu, dada. Ukisharudisha lako la "waliokosa", nami nitarudisha langu.

Mzee wa Ngala
Wanangu, nimefundisha hadi nikastaafu, mniruhusu. Shule nyingi mnazoita za serikali zilianzishwa na makanisa na jamii. Baada ya Sheria ya Elimu ya 1968 serikali ilizichukua: ikaleta walimu, ikakagua, aliyeanzisha akabaki mfadhili. Kwa hiyo mpaka huu wa umma na binafsi uliwahi kusogezwa, na hakuna aliyekufa. Mimi ningeusogeza tena. Shule ndogo inayohudumia watoto wa maskini, ikubali ukaguzi na bodi yenye wazazi, kisha serikali ilipe mwalimu moja kwa moja kwenye akaunti yake. Atakayekataa bodi aendelee na biashara yake.

Mama wa Shela
Hilo la mzee nalikubali. Shida yangu ni pesa ya umma kujenga ploti ya mtu.

Mwenye Shule Ndogo
Kwa hiyo nitoe ploti, nitoe bodi, deni la benki nibaki nalo mimi?

Sitaji Jina
Nasoma tangu asubuhi. Mimi ni mwalimu, shule ya binafsi hapa mjini. Kwenye slipu yangu ya mshahara NSSF ya uzeeni inakatwa, SHA ya bima ya afya inakatwa. Juzi nilimpeleka mtoto hospitali, nikaambiwa michango haijaingia. Nilimuuliza meneja, akasema nisiharibu jina la shule. Hii ya ruzuku ni nzuri, lakini mimi sijapata hata kile nilichokatwa.

Mwalimu Chaki
Unaona sasa! Na NSSF mwajiri anatakiwa aongeze kiasi kilekile ulichokatwa. Mwenye Shule Ndogo, kwako yalipwa?

Mwenye Shule Ndogo
Yalipwa. Mwezi mgumu ikichelewa, huwaambia walimu wangu.

Kijana wa Muyeye
Ikichelewa kwako, kwenye mshahara wao yachelewa kukatwa?

Bin Mambrui
Sitaji Jina, una mkataba?

Sitaji Jina
Nilipewa barua ya majaribio. Huu ni muhula wa tatu na barua ni hiyohiyo.

Bin Mambrui
Sheria ya Ajira ya 2007 yataka kazi ya miezi mitatu na zaidi iwe na mkataba wa maandishi, na kuuandaa ni jukumu la mwajiri. Kutokuwa nao hakukunyimi haki. Hifadhi slipu zote na meseji za M-Pesa, chapa taarifa yako ya NSSF uone miezi isiyoingia, kisha nenda ofisi ya kazi. Usiende na maneno matupu, na usiende peke yako.

Mzee wa Ngala
Na usisaini karatasi yoyote mpya kabla ya kuisoma nyumbani.

Mwalimu Chaki
Jumatatu sina kipindi hadi saa tano. Nitakuwa ofisi ya kazi saa mbili asubuhi. Sitaji Jina, na mwingine yeyote aliyekatwa, njooni na slipu zenu. Dada wa Shela, kama una risiti za ule mwaka wa mwalimu wa Form Four, nazo zilete.

Mama wa Shela
Ninazo. Nitaziangalia kabatini usiku huu.

Mwenye Shule Ndogo
Nami nitakuja na risiti zangu za NSSF, mzione kwa macho.

Kijana wa Muyeye
Lete na za muhula wa pili.