Ushauri: Mzee anatetemeka, aanze na vyuma vya uzito gani?

Mwana wa Jinja: Habari zenu, wanajukwaa. Baba yangu ni askari mstaafu mwenye ugonjwa wa Parkinson, na mkono wake wa kushoto hutetemeka hata anapoupumzisha pajani. Nimekwisha kumlipia kocha wa kunyanyua vyuma mwezi mzima. Je, aanze na kilo ngapi?

Mama Arua: Pole, mwanangu. Marehemu mume wangu alikuwa akikwama mlangoni kana kwamba nyayo zimegandishwa sakafuni, nami nilimhesabia "moja, mbili" hadi mguu ukainuka. Watoto wa siku hizi mnawakabidhi wazee kwa makocha badala ya kutembea nao.

Fundi wa Viungo, Mbale: Kabla ya kilo, tuambie: anatumia dawa gani, na ameanguka mara ngapi?

Mwana wa Jinja: Ameanguka mara mbili. Levodopa, dawa yake ya Parkinson, nilimwachisha juzi, kwa sababu ilimtia kichefuchefu, nami nilitaka mwili utegemee mazoezi. Sioni kosa langu, ingawa sasa mkono wa kulia nao unatetemeka.

Msomaji wa Kale: Kisa hiki kimetungwa. Jana mkono wa kushoto, leo wa kulia?

Fundi wa Viungo, Mbale: Ndugu, ugonjwa huu kwa kawaida huanza upande mmoja, kisha huvuka wa pili, kwa hiyo hilo si ushahidi wa uongo. Kinachonitisha ni dawa: levodopa ikikatwa ghafla, mwili unaweza kukakamaa na homa kupanda hadi kuhatarisha maisha. Mrudishe kwa daktari leo, tena mtaje hicho kichefuchefu, wala usimnunulie metoklopramidi, dawa ya kuzuia kichefuchefu, dukani, kwani huzidisha mtetemo. Mazoezi huimarisha mwendo na msawazo, lakini hayafufui seli za ubongo zinazotengeneza dopamini, kemikali inayosaidia kuongoza mwendo wa mwili. Afanye wakati dawa imeshika, kwa hatua ndefu na mikono ikipunga, nawe ukiwa ubavuni pake. Vyuma vyepesi vinaweza kufuata.

Mwana wa Jinja: Tumetoka kwa daktari, na dawa amerudishiwa. Anayesema ninatunga angemwona mzee akishika kikombe kwa mikono miwili, chai ikimwagikia kifuani. Jioni nimebandika vipande vya utepe mweupe sakafuni mlangoni, viwe alama za kuongoza hatua zake. Ameutazama wa kwanza, akauvuka, kisha wa pili. Kocha nimemwomba asubiri, ila fedha sijazidai. Mama Arua, ulikuwa ukihesabu kwa sauti, au kwa kupiga makofi?