Visiwa vinne kwa siku 12: nipange vipi?

Swali: Wakuu, nataka kuzunguka visiwa vinne vya tropiki kwa feri na boti ndogo, siku za mwisho nipige mbizi. Nianzie wapi?

Jibu: Anza na msimu. Vimbunga vya Karibea ni Juni hadi Novemba. Kusini-magharibi mwa Bahari ya Hindi ni Novemba hadi Aprili. Halafu punguza kisiwa kimoja, maana kila kuhama hula nusu siku: kufungasha, kusubiri gatini, kushusha mizigo. Tangulia kisiwa cha mbali zaidi, urudi ukisogelea uwanja wa ndege, na usiku wa mwisho ulale hapo hapo. Bahari ikichafuka boti husitishwa, na ndege haitakusubiri.

Jibu: Panda boti ya asubuhi, mchana upepo huongezeka. Dawa ya kichefuchefu meza saa moja kabla, ukishaanza kutapika umechelewa. Pasi iwe kwenye mfuko usiopitisha maji, ukunje mdomo wake mara tatu ndipo ubane.

Jibu: Mbizi iweke mwanzoni, tafadhali. Ukizamia mara kadhaa, subiri angalau saa 18 kabla ya kupanda ndege: naitrojeni iliyobaki mwilini hutengeneza viputo shinikizo la hewa likishuka.