Fyuzi ya plagi ya kompyuta: wewe umeweka ya ampea ngapi? Tupeane uzoefu

Mleta mada, Dar

Wakuu, salaam. Jumatatu kompyuta ninayofanyia hesabu za duka ilizima katikati ya kazi. Nikahamisha soketi, kimya. Nikajua pawa saplai imekufa, nikaipakia kwenye bodaboda pamoja na kebo yake mpaka kwa fundi. Hata kasha hakufungua. Alichokonoa fyuzi kati ya pini za plagi kwa bisibisi, akaweka nyingine, mashine ikawaka. Hela hakuchukua.

Kinachoninyima usingizi: iliyoungua imeandikwa 5A, aliyoweka ni 13A. Kebo ni nyembamba, ubavuni imeandikwa 3 x 0.75. Jirani yangu anasema 13 ndiyo imara. Ni kweli? Yaliyowakuta naomba mnisimulie.

Fundi wa Tanga

Mkuu, umeuliza jambo ambalo wateja wangu wengi hawaulizi mpaka plagi inuke.

Fyuzi ile haikuwekwa kwa ajili ya kompyuta. Kompyuta ina fyuzi yake humo ndani ya pawa saplai. Ya kwenye plagi inalinda waya. Soketi za nyumbani mara nyingi ziko chini ya breka ya ampea 20 au 32, na waya wako wa 0.75 (huo ni unene wa shaba yake kwa milimita za mraba) umekusudiwa kubeba ampea 6 tu. Ukipata mzigo wa ampea 12, breka haishtuki, waya ndio unaopika. Ndiyo maana Waingereza walipoleta hii plagi ya pini tatu bapa mwaka 1947 waliweka fyuzi humo humo, nasi tukairithi.

Hesabu yake ni wati ugawe kwa volti. Kompyuta inayokula wati 300 kwenye 230 haifikishi hata ampea moja na nusu. Kwa hesabu hiyo 3A ingetosha, ila pawa saplai ikiwashwa hugugumia umeme mwingi kwa mara moja, na nimeona 3A zikikatika asubuhi bila kosa lolote. Kwa kompyuta ya mezani naweka 5A. Laptopu, ile kebo yenye matundu matatu kama ua, 3A inatosha kabisa.

Kusema haki, kebo fupi za 0.75 zenye 13A kutoka kiwandani zipo, na waya zikigusana hata 13 itakata upesi. Tatizo ni lile joto la polepole. Hilo 13 inalivumilia.

Mama Steshenari, Morogoro

Mimi yangu ni printa ya leza. Kijana wangu alikuta fyuzi imeungua, dukani hakuna, akaifunga kwa karatasi ya ndani ya pakiti ya sigara. Ilifanya kazi wiki mbili. Siku hiyo tuna mitihani ya shule ya kuchapa, nikasikia harufu. Plagi ilikuwa imelainika, ukichomoa pini moja inabaki ukutani. Nilizima swichi kuu kwa mkono unaotetemeka. Tangu siku hiyo droo ya kaunta haikosi fyuzi za akiba, 3 nyekundu na 13 za kahawia, na 5 nyeusi nikizipata.

Printa ile ina heta ndani, kwa hiyo fundi aliniwekea 13A pamoja na kebo nene ya 1.5. Vyote viwili, si fyuzi peke yake.

Mwanafunzi, Mombasa

Nilinunua kebo ya bei ya kutupa. Kwa nje nene, imeandikwa 10A. Ilipokuwa ikichemka nikaikata: ganda tupu, ndani nyuzi chache mno. Nikazikwangua kwa wembe, rangi ya shaba ikatoka, chini kweupe. Sumaku ikazinasa! Shaba hainaswi na sumaku, kwa hiyo ni chuma kilichopakwa. Kebo ya namna hiyo hata maandishi yake huwezi kuyategemea ukichagua fyuzi. Siku hizi sumaku ndogo naenda nayo dukani.

Aliyeko Muscat

Huku soketi ni hizi hizi za kwetu. Zingatieni adapta. Nilitumiwa mashine kutoka Ujerumani, plagi yake ya pini mbili za duara haina fyuzi, na adapta niliyonunua nayo haina. Nimebadilisha kebo nzima, ile ya nyuma ya kompyuta inaingia sawasawa.

Fundi wa Tanga

Mleta mada, bado hatujajua kwa nini ya kwanza iliungua. Chomoa plagi, toa fyuzi, tazama vibanio vyake. Vikilegea vinatengeneza joto, na joto hilo ndilo linaloua fyuzi.

Mleta mada, Dar

Nimetazama, mkuu. Kibanio kimoja kimekuwa cheusi na fyuzi inachezacheza humo. Plastiki ya pembeni imeanza kugeuka rangi. Nikikumbuka vizuri, plagi hii ilikuwa ya moto tangu mwezi jana, nikadhani ni joto la Dar.

Nimeikata vipande ili asije akaiokota mtu. Kebo mpya ni ya milimita moja, sumaku haikushika, nimeweka 5A. Leo siku ya nne, nimetoka kuishika sasa hivi: baridi.