Naomba ushauri: "historia nyingine" tuiiteje kwenye bede (vitabu vya katuni)?

Jambo wandugu na dada zetu. Niko Goma, Katindo. Kila Jumamosi ninasomea watoto bede za Kifaransa. Ninabandika Kiswahili kwa gundi juu ya viputo vya maneno.

Nimekwama kwa Dark Beast, mhusika mwovu wa bede za Marvel, aliyetokea mwaka 1995. Ni yuleyule Henry McCoy, shujaa wa kundi la X-Men, ila wa historia nyingine ambamo Profesa Xavier, kiongozi wa kundi hilo, aliuawa mapema, kisha mwovu Apocalypse akatawala. Kule alifanyia watu majaribio ya kikatili. Kisha akatorokea dunia ya kawaida, akamfungia McCoy mwema nyuma ya ukuta wa matofali, akachukua nafasi yake.

Niliandika "wakati mwingine", watoto wakaelewa "mara mojamoja". Nikaweka "dunia ya pili", binti mmoja akagusa picha kwa kidole, akaniuliza: "Kumbe alikufa?" "Historia iliyoshika njia nyingine" ninaipenda sana, lakini haiingii kwenye kiputo.

Kuna neno fupi ambalo mtoto wa miaka 9 ataelewa? Na Dark Beast anapojifanya McCoy mwema, nimpe Kiswahili kilekile cha mwenzake, ama nimwachie neno moja la kumfichua? Mimi ninavutwa na hilo la pili, ila naogopa kuwaharibia fumbo.

Aksanti sana.